Steringi Anayekufa Mapema: Kwa Nini Sinema za Giza Zinahitaji Baraza

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanaijua kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kutupwa mtoni, kuchomwa kisu na kufiwa na ndugu zake wote, lakini mtazamaji aliyelipa kiingilio ana hakika kwamba mtu huyo atasimama tena kabla filamu haijaisha. Ndiyo maana jioni tulipoiweka Double Indemnity, filamu ya Billy Wilder ya mwaka 1944, dakika chache za mwanzo zilitosha kuzua mzozo sebuleni. Wakala wa bima aitwaye Walter Neff anaingia ofisini kwake usiku, jijini Los Angeles, akiwa na jeraha la risasi begani. Anakaa, anawasha kinasa sauti, na kumwachia mwenzake wa kazi maelezo: ni yeye aliyemuua Dietrichson, alimuua kwa ajili ya fedha na mwanamke, na mwishowe fedha hakuzipata wala mwanamke hakumpata. Kijana mmoja aliyekuwa ameketi mkekani akageuka na kutuuliza, "Sasa kama kila kitu kimeshasemwa, tunaangalia nini?"

Siku ile hatukumjibu vizuri. Tuko watu tisa au kumi, tunakutana mara moja kwa mwezi nyumbani kwa mmoja wetu: mwalimu mstaafu, muuguzi, mtu aliyewahi kushughulikia madai katika kampuni moja ya bima, vijana wawili watatu wa chuo, nami mwandishi. Kwa karibu miaka miwili tumekuwa tukiangalia filamu za Marekani za miaka ya 1940 na 1950, zile ambazo Wafaransa walizipa jina la "film noir", yaani "filamu nyeusi". Leo ningemjibu kijana yule kwamba tunaangalia utetezi. Katika nyingi ya filamu hizi, tangu picha ya kwanza tunawekwa mbele ya mshtakiwa ambaye amepewa nafasi ya kusema peke yake, kwa sauti ya taratibu, bila shahidi wa upande wa pili. Anayeziangalia peke yake nyumbani, simu mkononi, hana wa kumshtua; anabembelezwa hadi mwisho. Aliye kwenye baraza ana jirani atakayesema, "Huyu anatudanganya."

Kuhusu jina nitasema machache, kwa kuwa mjadala wa jina umeshakula jioni nyingi za watu wenye akili. Waliotengeneza filamu hizi hawakujua kwamba wanatengeneza "noir". Kwao zilikuwa filamu za uhalifu, za mapenzi yaliyoharibika, za wapelelezi. Vita vilikuwa vimezuia filamu za Marekani kufika Ufaransa, na zilipomiminika Paris kwa mkupuo mwaka 1946, mhakiki Nino Frank aliona kwamba kadhaa kati yake zina undugu wa aina fulani, akazipa jina hilo. Kwa hiyo kundi hili la filamu lilitambuliwa na watazamaji kabla halijatambuliwa na watengenezaji, na hilo peke yake lingetosha kutufundisha kwamba mtazamaji ana kazi humu. Kwa Kiswahili, "filamu nyeusi" ingeeleweka kama filamu za watu weusi, jambo ambalo nitalirudia baadaye kwa sababu nyingine. Barazani kwetu tunasema "sinema za giza", na hakuna aliyewahi kuuliza maana yake.

Giza lenyewe lilikuwa na sababu nyingi, na sipendi maelezo yanayolitupia chimbuko moja. Wilder, Fritz Lang na Robert Siodmak waliondoka Ujerumani mwaka 1933, Hitler alipochukua madaraka, nao walitoka katika sinema iliyokuwa imezoea vivuli virefu na kuta zilizopinda. Marekani ilikuwa tayari na waandishi wake wa hadithi kavu za uhalifu, akina Dashiell Hammett, James M. Cain na Raymond Chandler. Na kulikuwa na Kanuni ya Utayarishaji, mwongozo wa maadili wa studio za Hollywood, ambayo kuanzia mwaka 1934 ilisimamiwa kwa mkono mzito na Joseph Breen, na ambayo ilitaka kila mhalifu apate malipo yake kabla ya mwisho wa filamu.

Kanuni hiyo hudharauliwa sana, na kwa haki, lakini nadhani ndiyo iliyozisukuma filamu hizi kwenye umbo lake. Hadithi ya Cain ambayo Wilder aliitumia ilikwama mbele ya ofisi ya Breen mwaka 1935, ikakaa miaka kadhaa kabla haijaruhusiwa. Sasa jiweke katika nafasi ya Wilder na Chandler, walioandika muswada pamoja huku wakishindwa kupatana. Mhalifu wenu lazima aangamie. Mtazamaji aliyekaa ukumbini anajua kwamba lazima aangamie. Hakuna siri ya kulinda. Basi mnaitoa siri hadharani mwanzoni kabisa, na mvutano wote mnauhamisha kutoka kwenye tendo hadi kwenye maelezo ya tendo. Udhibiti uliotaka kumlinda mtazamaji asije akampenda mhalifu ukaishia kumkabidhi mhalifu kipaza sauti.

Nguvu ya kipaza sauti hicho tuliiona kwenye tukio la gari. Neff na Phyllis Dietrichson, aliyeigizwa na Barbara Stanwyck, wamekwisha kumuua mume wa Phyllis, wameulaza mwili kwenye reli ili ionekane kwamba mtu ameanguka kutoka kwenye treni, na wanarudi garini kuondoka. Phyllis anawasha. Gari linakohoa, linazimika. Anajaribu tena. Kamera haituonyeshi chochote cha ajabu, ni nyuso mbili tu na sauti ya mtambo usiotaka kushika. Sebule nzima ilinyamaza, mwalimu alikuwa ameegemea mbele, na muuguzi, ambaye mume wake ni fundi magari, alinong'ona kabisa, "Ongeza mafuta kidogo." Neff akanyoosha mkono, gari likawaka, na kila mtu akashusha pumzi. Ndipo yule mtu wa bima akasimamisha filamu na kutuuliza kama tunajua tumefanya nini. Tulikuwa tumewaombea wauaji gari liwake. Marehemu tulikuwa tumeshamsahau, na hakuwa amemaliza hata dakika tano tangu alazwe relini.

Ningekuwa peke yangu nisingeligundua hilo. Ningeshusha pumzi na kuendelea. Iliyonifumania ni pumzi ya wenzangu, iliyosikika kwa pamoja kama ya watu waliobeba gunia na kulitua.

Mtu huyu wa bima, ambaye kwa kawaida ni mkimya, alituongoza usiku ule kuliko mhakiki yeyote. Alimpenda sana Barton Keyes, mkuu wa madai anayeigizwa na Edward G. Robinson, na alitueleza kwa nini. Bosi wa kampuni anadai kwamba Dietrichson alijiua, ili kampuni isilipe. Keyes anamkatisha kwa kumwaga takwimu za watu kujiua, kwa sumu, kwa kuruka, kwa jinsia, kwa saa za siku, kisha anamuuliza kama anajua treni ile ilikuwa ikienda mwendo gani. Maili 15 kwa saa. Nani anajiua kwa kuruka kutoka kwenye kitu kinachotambaa? Baadaye, akiwa na tumbo linalomsumbua, Keyes anajiuliza jambo dogo zaidi: marehemu alivunjika mguu kabla ya kifo, alikuwa na bima ya ajali, mbona hakudai? Jibu lake ni kwamba hakujua anayo bima hiyo. "Hivyo ndivyo kazi inavyofanyika," alisema mwenzetu. "Humwangalii aliyedai. Unamwangalia ambaye alipaswa kudai na hakudai."

Ni yeye pia aliyeturudisha kwenye tukio ambalo sote tulilipita. Dietrichson amekaa sebuleni kwake, amechoka, anaambiwa asaini fomu za kuhuisha bima ya gari. Anasaini nakala ya pili bila kusoma, na kwa saini hiyo anakuwa amejikatia bima ya maisha yake, dola 50,000 ambazo huwa 100,000 ajali ikitokea kwenye treni. Hakuna muziki wa kutisha, hakuna silaha. Kuna kalamu. "Mtu huyu ameuawa hapa," alisema. "Mambo ya treni yalikuwa kumalizia." Tangu siku hiyo tumejiwekea desturi, kila filamu inapoisha, ya kutafuta mahali ambapo mtu bado angeweza kurudi nyuma, na kubishana juu ya mahali hapo tu. Nani kaua, tunajua. Ataishia wapi, tunajua. Lini angeweza kusema hapana, hilo halijawahi kutupa jibu moja.

Muuguzi alikuwa na shauri tofauti, nalo lilinigusa zaidi kwa kuwa lilinikuta nimelala. Sote tulikuwa tumeanza kusema "mwanamke yule alivyomharibu", kama vitabu vinavyosema kuhusu wanawake wa sinema hizi: warembo, wakatili, wanaowavuta wanaume shimoni. Akatuuliza tumeyajulia wapi hayo. Phyllis tunayemwona ni Phyllis wa kwenye maelezo ya Neff. Hakuna dakika anayotuzungumzia yeye bila sauti ile kumtangulia. Na Neff mwenyewe ameponyokwa na ulimi. Anakiri katika maelezo yaleyale kwamba wazo la kuiibia kampuni alikuwa nalo miaka mingi kabla hajakutana na mwanamke huyo, kama mwendesha mchezo wa kamari anayeijua meza kiasi cha kutamani kuichezea vibaya. Phyllis hakumpandikizia kitu. Alikuta shamba limeshalimwa. Sisemi kwamba Phyllis hana hatia, kwa sababu filamu haimwachi na mengi ya kujitetea, ila nasema kwamba usemi wa "mwanamke aliniponza" ni wa mshtakiwa, na wahakiki wengi wameunakili kama ushahidi.

Filamu inayoonyesha jambo hili waziwazi kabisa ni Detour ya Edgar G. Ulmer, ya mwaka 1945, fupi, ya bei nafuu, iliyotoka kwenye studio ndogo. Al Roberts, mpiga piano wa New York, anaomba lifti kwenda Los Angeles kumfuata mpenzi wake. Mwenye gari anayempakia anakufa njiani. Roberts anasema alifungua mlango, mtu akaanguka, kichwa kikapiga jiwe. Anachukua gari, nguo, fedha na jina la marehemu, kwa maelezo kwamba polisi wasingemwamini. Kisha anampakia Vera, aliyeigizwa na Ann Savage kwa ukali ambao sijauona popote pengine, na kumbe Vera alikwisha kupanda gari hilohilo na anamjua mwenyewe. Naye anakufa: Roberts anavuta waya wa simu akiwa nje ya mlango uliofungwa, bila kujua, anasema, kwamba waya umemzunguka shingoni.

Vifo viwili, bahati mbaya mbili, na shahidi mmoja. Mara tu baada ya kifo cha kwanza, Roberts anatugeukia sisi watazamaji kwa maneno, akisema anajua hatutamwamini. Mwalimu mstaafu alicheka hadi akakohoa. Alisema amesikia sentensi hiyo kwa miaka 30, kutoka kwa kila mtoto aliyechelewa shule. Vijana wawili walimtetea Roberts kwa moyo wote, wakisema kwamba umaskini una bahati mbaya za namna hiyo, kwamba mtu asiye na kitu akikutwa karibu na maiti hana wakili. Nami sina hakika ya upande wowote, na nadhani filamu yenyewe haiamui. Iliyo wazi ni kwamba mtazamaji wa peke yake huchagua upande ndani ya dakika kumi na halijui chaguo lake. Sisi ilitubidi tulitetee kwa sauti hadi saa sita usiku. Ulmer mwenyewe, niongeze, alikuwa akisimulia kwamba filamu nzima aliipiga kwa siku sita, na watafiti waliochimba baadaye wanaona muda ulikuwa mrefu zaidi. Pengine Roberts alijifunza kwa mwongozaji wake.

Kuna kituko kimoja cha filamu hiyo ambacho kilitupita kwa sababu ya mahali tulipozaliwa. Baadhi ya picha za Roberts akiomba lifti ziligeuzwa ubavu, ili safari ionekane ikielekea kushoto kama ramani inavyoonyesha magharibi, na matokeo yake magari yanapita upande usio wa Marekani na usukani uko kulia. Mtazamaji wa Marekani hushtuka. Sisi tunaoendesha kushoto tuliona barabara ya kawaida kabisa, na mpaka leo yupo mwenzetu anayedai kwamba hizo ndizo dakika pekee ambazo Wamarekani waliendesha vizuri.

Hapa Afrika Mashariki tuna mazoea ambayo yanatusaidia kuziangalia sinema za giza, ingawa hayakuanzia kwazo. Filamu za kigeni zimetufikia kwa miaka mingi kupitia wasimulizi wa Kiswahili: Lufufu Tanzania, DJ Afro Kenya, na wengine waliofuata. Sauti yao hukaa juu ya picha, inatafsiri, inaongeza, inamtania adui, na mara nyingi inamtania steringi pia. Mtu aliyelelewa na sauti kama hiyo anajua tangu utotoni kwamba msimulizi ni mtu, ana vionjo vyake, na anaweza kutia chumvi. Ukimweka mtu huyo mbele ya Neff au Roberts, tofauti anaisikia upesi: msimulizi wa kibanda anatuchekesha juu ya wengine, msimulizi wa sinema ya giza anatulainisha juu yake mwenyewe. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba filamu hizi ni za wasomi, au kwamba ni za kizamani mno kwa vijana wetu. Sikio tunalo. Kinachokosekana ni mazoea ya kukaa pamoja na filamu moja, usiku mmoja, bila kurukia nyingine.

Na chumba chenye giza. Hili ni la kiufundi tu lakini limetugharimu. Mpiga picha wa Double Indemnity, John F. Seitz, alijenga sebule ya akina Dietrichson kwa mwanga wa vumbi unaopenya kwenye mapazia ya vibanzi na kuanguka mwilini mwa watu kama milia. Mara ya kwanza tuliiangalia kwa projekta ndogo, taa ya barabarani ikipiga moja kwa moja ukutani kupitia madirisha ya luva, na tuliona watu wa kijivu wakitembea ndani ya ukungu. Wageni wawili walisema filamu haivutii, na hawakurudi. Mara ya pili tulitundika mablanketi mawili dirishani, tukavumilia joto, na filamu ikawa nyingine kabisa.

Si kila filamu hutaka maneno. The Third Man ya Carol Reed, iliyopigwa katika Vienna iliyobomolewa na vita na kutoka mwaka 1949, inamalizika kwa mwanamke anayetembea kutoka mbali katikati ya barabara ya makaburini, kuelekea kwenye kamera, wakati mwanaume anayemsubiri ameegemea mkokoteni pembeni. Anatembea, anatembea, majani yanadondoka, na anampita bila hata kugeuza shingo. Taa zilipowashwa hakuna aliyesema neno, mwenye nyumba akaleta chai, na mazungumzo yakawa ya bei ya mchele. Sioni kwamba jioni ile ilipotea.

Mwezi uliopita tuliangalia Odds Against Tomorrow ya Robert Wise, ya mwaka 1959, ambayo huhesabiwa miongoni mwa filamu za mwisho za kipindi hicho. Hapa ndipo ninaporudi kwenye lile la "filamu nyeusi", maana sinema za giza za Marekani ziliwaweka watu weusi pembeni: mhudumu, mlinzi wa gereji, mpiga tarumbeta. Hii ilitengenezwa na kampuni ya Harry Belafonte, yuleyule ambaye wazee wetu wanamjua kwa kuimba "Malaika" pamoja na Miriam Makeba mwaka 1965, naye ndiye aliyeigiza Johnny Ingram, mwimbaji wa klabu aliyezama kwenye madeni ya kamari. Muswada uliandikwa na Abraham Polonsky, ambaye alikuwa amefungiwa Hollywood kwa sababu za kisiasa. Jina lililowekwa lilikuwa la mwandishi mweusi John O. Killens, na Polonsky alirudishiwa haki yake mwaka 1996 tu. Ingram anaingia katika mpango wa kuiba benki pamoja na Burke, polisi wa zamani, na Slater, Mzungu wa Kusini anayemchukia Ingram kwa rangi yake. Slater aliigizwa na Robert Ryan, ambaye maishani mwake alikuwa mpinzani wa ubaguzi.

Humo hamna sauti ya msimulizi. Hakuna anayetubembeleza, hakuna anayelaumu nyota yake, na kwa mara ya kwanza baraza letu lilikosa mshtakiwa wa kumhoji. Wizi unaharibika. Wezi wawili wanafukuzana hadi juu ya matangi ya mafuta, wanarushiana risasi, matangi yanalipuka, na asubuhi waokoaji wanaangalia miili miwili iliyoungua. Mmoja anauliza yupi ni yupi. Mwenzake anamjibu achague mwenyewe.

Tulianza kama kawaida: angeweza kurudi wapi? Mwalimu alisema kwenye deni la kamari. Muuguzi alisema kwa mke aliyemwacha. Mtu wa bima alisema Burke ndiye aliyeliponza kundi zima, kwa kuwachanganya watu wasiopatana. Kijana wa mkekani, yule wa swali la siku ya kwanza, hakusema kitu kwa muda, kisha akaomba rimoti na kurudisha nyuma, akapitiliza, akasogeza mbele tena taratibu hadi kabla ya wizi, pale Slater anapokataa ufunguo wa gari la kutorokea usikae kwa Ingram, na Burke anauchukua yeye, Burke ambaye baadaye atapigwa risasi akiwa nao na kuwaacha wenzake bila gari. Ni sekunde chache, na mara ya kwanza hakuna hata mmoja wetu aliyezitilia maanani. Akasimamisha picha, ufunguo ukiwa mkononi mwa Burke, akainuka kutoka mkekani na kwenda kuugusa ukutani kwa kidole.